Almina wa Foleni ya Pili

Mkono wa daktari ulikawia shingoni mwa Almina kuliko ulivyokawia kwa watoto wengine wote wa asubuhi ile. Ulipapasa, ukaondoka, ukarudi. Daktari Whitcomb alimwambia mtoto ameze mate, akameza. Ameze tena, akameza. Kisha akamwita mwenzake, kijana mwenye miwani, naye apapase, na wawili hao wakawa wanasemezana kwa lugha yao huku wamemshika shingo kama watu wanaochagua shelisheli.

Limejo alikuwa amesimama nyuma ya kamba, pale wazazi walipotakiwa wasimame. Kiingereza hakukijua, lakini mkono unaokawia hauhitaji mkalimani.

"Edmil!" aliita. "Wanasemaje?"

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini? Shingo ni ya mwanangu."

Edmil alikuwa mtu wetu, mzaliwa wa kisiwa hiki cha Enelok, aliyesomeshwa kufunga vidonda kisha akawa masikio na kinywa cha madaktari kila meli yao nyeupe ilipokuja, mwezi wa tatu kila mwaka. Sisi tulimwita Mdomo wa Kukodi, naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Alikuja hadi kwenye kamba akainama kidogo.

"Kuna uvimbe," alisema. "Mdogo. Ila mgumu."

"Mgumu ndio mzuri au ndio mbaya?"

Edmil aliangalia mchanga. "Heri ungekuwa laini."

"Sasa watamfanyia nini?"

"Wameandika. Mwaka ujao watampapasa tena waone."

"Mwaka ujao? Mtoto wa Kiotak walimpapasa Jumatatu, Jumanne kalala melini anapelekwa Amerika!"

"Mama Limejo," Edmil alisema kwa sauti ya chini, "mtoto wa Kiotak ni wa foleni ya kwanza. Nyinyi mko ya pili. Mimi nifanyeje?"

Foleni zile hakuna mtoto wa Enelok asiyezijua. Ya kwanza ni ya watu wa jivu, wale walioamka asubuhi moja wakaona jua likichomoza upande wa magharibi, kumbe ni bomu la Waamerika la kujaribiwa, na mchana wakanyeshewa unga mweupe ambao watoto waliuchezea. Ya pili ni ya wale ambao siku hiyo walikuwa visiwa vingine, wakarudi nyumbani pamoja na wenzao baada ya wenzao hao kuwekwa kambini kwa wanajeshi miaka mitatu. Ardhi tunayolala ni moja, kisima kimoja, samaki wale wale. Lakini foleni ya kwanza hupewa vidonge vya kuwakuza watoto, hupewa kitanda melini, hupewa hospitali ya ng'ambo. Foleni ya pili hupimwa tu, ili wale wa kwanza wapate wa kulinganishwa nao. Sisi wa foleni ya pili tulikuwa jiwe la mizani. Jiwe haliuzwi wala halinunuliwi, kazi yake ni kukaa upande wa pili.

Almina alivaa gauni lake akatoka kwenye hema akijikuna shingo. Alikuwa na miaka kumi na tano, na mwili wa mtoto wa miaka minane. Gauni lile lilikuwa la mwaka juzi, na upindo wake haujawahi kushushwa.

"Mama, wamesema nimekua?" aliuliza.

"Twende nyumbani," alisema Limejo.

Na jambo lenyewe, ambalo kila mtu Enelok alilijua na hakuna aliyelitamka, ni kwamba Almina alikuwa amesimama foleni isiyo yake.

Alizaliwa na Hertina, mdogo wake Limejo. Jivu lilipoanguka alikuwa na mwaka mmoja, yuko mkekani nje ya nyumba, na lilimuunguza miguu na nyuma ya sikio. Limejo na mumewe Lanwe walikuwa kisiwa cha Majuro siku hiyo, wanafua mashuka ya watu kwa ujira. Baadaye Limejo alikwenda kambini kumwona mdogo wake, akiwa na kikapu na nguo mpya ya mtoto, na mwenye macho haambiwi tazama. Dada mkubwa ambaye Mungu hakumpa mtoto, akija na nguo mpya akamwomba mdogo wake, kwetu hanyimwi. Hertina alimpa, mbele ya wazee na mbele ya mchungaji, kwa machozi. Na mtoto akishapewa hivyo, haulizwi tena alitoka tumbo gani. Anayeuliza hana adabu, na anayesema "si wako" mbele ya mtoto amemtupa nje ya nyumba.

Kwa hiyo waandishi wa madaktari walipouliza, "Mama, siku ile ulikuwa wapi?" Limejo alisema Majuro. "Na huyu?" Alisema, mwanangu. Wakaandika Majuro kwa wote wawili. Walipomuuliza Hertina yuko wapi yule mchanga aliyeungua miguu, Hertina aligeuza uso, maana ulichotoa hukihesabu tena. Wakamwonea huruma wakaandika kwamba alikufa. Siku ile hakuna aliyesema uongo. Tulijibu tu kama tulivyolelewa.

Lanwe alikuwa uani akibandua nazi kutoka kwenye vifuu ili azianike ziwe mbata. Alikuwa mwanamume mpole mwenye mgongo mpana, mwenye ubaya mmoja tu: alichunga sana watu watasema nini.

"Lanwe, kesho nakwenda kusema," Limejo alimwambia.

"Kusema nini?"

"Usinifanye nitamke mara mbili."

Kisu cha Lanwe kiliendelea kubandua. "Miaka miwili iliyopita, vidonge vilipoanza, ulitaka kusema. Nikakwambiaje?"

"Uliniambia mtoto hauzwi."

"Na leo anauzwa?"

"Leo anakufa, Lanwe."

Kisu kilisimama. Vidonge vilipoanza ndipo na fedha ya jivu, ile fidia ya watu wa foleni ya kwanza, ilipogawiwa, na kisiwa kiligawanyika kama kilivyogawanyika. Wa foleni ya kwanza walinunua mashua, redio na cherehani. Wa foleni ya pili tulinunua maneno. Tuliwaita ndugu zetu wafalme wa jivu, nao wakatuita wanusa-dola, na kanisani watu walianza kuchagua benchi la kukaa.

"Watasema tumesikia harufu ya fedha," Lanwe alisema. "Watasema, ah, kina Lanwe nao leo wamekumbuka kwamba mtoto si wao."

"Waseme."

"We unasema waseme kwa sababu hukai nao kule kwenye ghala la mbata. Wale watu wana midomo! Jobel peke yake ananitosha. Tangu anunue ile mashua hanisalimii, ananipungia mkono."

"Weka kisu chini, njoo umpapase mwanao shingo. Kisha urudi uniambie habari za Jobel."

Lanwe hakwenda kumpapasa. Alikaa na nazi mkononi. Jikoni Almina alikuwa akiimba wimbo wa kanisa na kuugeuza maneno, anamtania mchungaji, kama alivyozoea.

"Mimi ndiye niliyekukataza," Lanwe alisema hatimaye. "Niliogopa kuchekwa. Mtoto wa watu hakukua kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa."

"Si mtoto wa watu," Limejo alisema.

"Ndivyo utakavyokwenda kusema kesho, au sivyo?"

 Limejo alichukua ungo wa nazi akajifanya anakwenda kuzianika.

Hertina aliishi nyumba ya tatu kutoka pale, nyumba ya mabati mapya, na Jobel mumewe ndiye yule wa mashua. Limejo alimkuta anashona, mguu kwenye kanyagio. Alikuwa mwembamba, na tangu jivu alibeba mimba nne. Hakuna hata moja iliyofika kwenye mkeka ikiwa hai, na mojawapo wakunga hawakumwonyesha.

"Dada, karibu. Nikumiminie kahawa?"

"Sitaki kahawa. Almina ana uvimbe shingoni."

"Nimesikia. Kisiwa kidogo hiki." Hertina hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Mgumu?"

"Mgumu."

Cherehani ililia kidogo, ikanyamaza.

"Nataka kesho usimame nami mbele ya daktari," alisema Limejo, "useme umemzaa wewe, alikuwepo siku ya jivu. Basi. Atibiwe."

"Unanirudishia?"

"Nimesema nataka atibiwe."

"Nimesikia unachotaka, dada. Nauliza, unanirudishia?"

Limejo alijifuta jasho. "Hertina, haya ni mambo ya madaktari. Ni karatasi tu."

"Karatasi ni yao. Maneno ni yetu," Hertina alisema, na sasa aliinua uso. "Nilikupa mbele ya watu, nikafunga mdomo. Unajua anapita hapa kila siku? Anakwenda kisimani na ndoo inayomzidi kimo. 'Mama mdogo, leo umeshona nini?' ananiuliza. Namjibu kama namjibu mtoto wa jirani. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja, na sijakuudhi hata siku moja. Nimekuudhi?"

"Hujaniudhi."

"Sasa ukinisimamisha mbele ya watu wale wale niseme ni wangu, basi ni wangu. Usije tena na kikapu na nguo mpya. Sitampa mtu mara ya pili. Sina moyo wa mara ya pili, dada."

Limejo alimtazama mdogo wake aliyemlea mgongoni, akaona kwamba hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa na njaa tu. Njaa ya mtoto ni njaa, na Limejo aliijua njaa hiyo kuliko mtu yeyote Enelok, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha kambini na kikapu.

"Sitakuja," alisema.

"Sema tena."

"Sitakuja kumwomba, Hertina. Mara ngapi unataka nijikate?"

Hertina alianza kulia. Alilia kwa ajili ya uvimbe, na alilia kwa furaha pia, na furaha hiyo ilimtia haya hata akajifunika uso na kile kitambaa alichokuwa anakishona.

Kumwambia mtoto ndiko kulikokuwa kugumu. Kabla ya jua kuzama walikaa wote wawili nje wakichambua majani ya mkadi ya kusukia mikeka, Limejo akiyakwaruza miiba na Almina akiyakunja.

"Kesho tutarudi kwenye mahema," Limejo alianza.

"Wamenipenda sana wale," alisema Almina. "Yule wa miwani alinishika shingo nikadhani ananichumbia."

"Almina, sikiliza. Wakikuuliza mama yako ni nani, utasema Hertina."

Mikono ya mtoto iliendelea kukunja jani. Alijua. Watoto wote hujua, nyumba zetu hazina kuta nene. Lakini kujua ni jambo moja na kuambiwa kwa kinywa cha mama ni jambo jingine.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ili upande meli. Ili wakutibu."

"Na nikishuka kwenye meli niseme nani?"

Limejo alikwaruza mwiba uliokwisha kukwaruzwa.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa kitu."

"Ni kwa sababu sikui?"

"Almina!"

"Nauliza tu. Wenzangu wote wamekua. Neisa ameolewa, na tulikuwa tunacheza naye. Labda umechoka kulisha mtu asiyekua."

Limejo alimvuta akamkumbatia kwa nguvu, majani ya mkadi yakiwa katikati yao yanachoma, na alitaka kumwambia kila kitu: kwamba angependa afanywe yeye jiwe, jivu, chochote, ili mtoto huyu abaki. Lakini aliogopa kwamba akilianza neno moja kesho hataweza kusema lile jingine. Kwa hiyo alisema tu, "Sema Hertina. Nakuomba."

"Haya," mtoto alisema, mdomo wake ukiwa begani mwa mama yake.

Siku ya pili mahema yalikuwa yamejaa. Habari ilikwisha kutangulia, na wale ambao hawakuwa na miadi walikuja pia, wakajidai wanaleta watoto kupimwa uzito. Limejo, Hertina na Almina walitembea pamoja hadi mwanzo wa foleni ya kwanza. Lanwe alikuja nyuma yao kwa mbali, akasimama karibu na mnazi, kofia mkononi.

"Mmepotea njia," mwanamke mmoja alisema. "Foleni yenu ile kule."

"Hawakupotea, wamekumbuka," mwingine akajibu. "Dola hukumbusha mambo."

"Mwaka kesho atakumbuka kwamba hata Lanwe aliungua," alisema Jobel, mume wa Hertina, na wanaume wakacheka. Hertina aligeuka akamtazama, naye akanyamaza, ila kicheko kilikwisha kutoka.

Limejo alipita katikati yao. Alipofika mezani alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mnazi wa Lanwe:

"Edmil, mwambie daktari. Almina si mwanangu. Ni wa Hertina. Jivu lilimkuta hapa."

 Neno lile hatukuwahi kulisikia likisemwa mbele ya mtoto. Bibi mmoja alijifunika macho kwa kiganja. Almina aliangalia miguu yake.

Edmil alitafsiri. Daktari Whitcomb alikuwa mzee mwenye mikono safi na subira nyingi, lakini subira hiyo ilikuwa imetumika siku nyingi kwenye joto, na mwaka uliopita watu wanne walimjia wakidai kwamba nao walikuwepo siku ya jivu, kumbe hawakuwepo. Alishusha pumzi. Alisema maneno machache bila kuinua kichwa.

"Anauliza kama mna uhakika," Edmil alisema.

Kijana mmoja aliyewahi kupika kambini kwa wanajeshi, akaokota Kiingereza chao, alicheka. "Hakusema hivyo! Kasema fedha ilishagawiwa, je wanajua?"

Limejo alimgeukia Edmil. "Mwambie fedha yake siitaki. Mwambie atazame miguu ya mtoto."

"Miguu naijua," daktari alisema kupitia kwa Edmil. "Ana kovu. Mwaka wa pili nilikuuliza, ukaniambia ni maji ya moto."

"Nilidanganya."

"Kwa nini udanganye?"

"Kwa sababu mliuliza mbele yake."

Edmil alisita kidogo kabla ya kutafsiri, na hatujui alitafsirije, maana daktari alionekana hakuelewa. Ndipo Hertina alipopiga magoti mchangani. Alimshika Almina mguu akaweka kidole juu ya kovu moja, kisha jingine, akamkunja sikio akaonyesha la tatu, huku akisema siku gani ngozi ilianza kuambuka na siku gani ilikoma. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma sala aliyoisoma kila siku peke yake.

Daktari alimtuma yule wa miwani melini. Walisubiri juani. Kijana aliporudi alikuwa na picha za zamani za kambini, na katika moja mtoto mchanga alikuwa analia, ameshikwa vifundo vya miguu na mikono ya askari. Madaktari waliiweka picha chini karibu na miguu ya Almina. Waliangalia picha, wakaangalia miguu, wakaangaliana.

Kisha wakafurahi. Walifurahi kweli kweli. Daktari mzee alimpa mkono yule kijana, akampa mkono Edmil. Walimvua Almina gauni mbele yetu, wakamsimamisha kwenye ubao wenye namba, wakampiga picha kwa mbele, kwa ubavu, kwa mgongo, na miguu peke yake. Almina alifumba mikono kifuani pake. Yule wa miwani aliishusha mikono hiyo kwa upole, maana ilikuwa inaficha namba.

"Wanafurahi nini?" Limejo aliuliza.

"Wanasema hesabu yao miaka yote ilikuwa haikai sawa," alisema Edmil. "Watoto wa foleni ya kwanza hawakui, sawa. Lakini kwenye foleni ya pili nako yuko mmoja hakui. Kwa hiyo walikuwa wanaandika kwao kwamba labda si jivu, labda ni chakula chetu. Sasa imekaa sawa."

"Hesabu."

"Ndiyo, mama. Hesabu."

"Na vidonge? Akipewa sasa atakua?"

Edmil aliuliza. Daktari aliacha kutabasamu, na hapo tuliona kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliondoa miwani yake ya kusomea, akaikunja.

"Anasema angeanza miaka miwili iliyopita, pamoja na wenzake, angekua. Sasa mifupa imekaza. Na huo uvimbe haufai kungoja. Ataondoka na meli hii, kesho asubuhi."  Edmil alikuwa amekwisha kutafsiri kuhusu uvimbe mgumu mara moja kabla, kwa bibi Kelai, ambaye alirudi kutoka Amerika ndani ya sanduku. Hilo hakulisema, wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu sote tulimzika bibi Kelai.

Kule kwenye mnazi Lanwe alikuwa amekaa chini.

"Mwambie nitafunga nguo zangu leo," alisema Limejo. "Nitakwenda naye."

Edmil alitafsiri, akajibiwa, akageuza uso kuelekea baharini.

"Sema tu, Edmil."

"Kitanda ni kimoja. Ni cha mama."

Limejo alifungua mdomo. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na wengine walikuwa wanalia, hata yule mwanamke wa dola. Alitazama picha ile mchangani, akamtazama Hertina ambaye alikuwa bado amepiga magoti akimvalisha Almina gauni, kifungo kimoja kimoja.

"Basi," alisema Limejo. "Aende mama yake."

Asubuhi kulikuwa na upepo kidogo. Sisi wote tulishuka ufukweni, foleni ya kwanza na ya pili, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuna aliyechagua pa kusimama. Wanawake walimvisha Almina mashada ya maua hadi shingo haikuonekana. Lanwe alibeba mkeka wake na mto, akavipakia kwenye mashua ndogo iliyokuwa iwapeleke melini, akarudi akiwa amelowa hadi kifuani na hakumtazama mtu. Jobel alikwenda akasimama karibu naye. Hakupunga mkono safari hii, alisimama tu.

Limejo alikuwa akimweleza Hertina mambo, haraka haraka, kama mtu anayeacha nyumba kwa mgeni.

"Usiku mfunike miguu, makovu humuuma akisikia baridi. Maziwa ya kopo hayataki, atakwambia anayataka ili asikuudhi, usimpe. Wali asipomaliza usimlazimishe, shingo imekuwa ikimbana, mimi nilidhani ni deko. Akianza kuchekesha watu sana, ujue anaogopa. Kaa karibu naye."

"Sawa, dada."

"Na akiuliza..."

"Akiuliza nini?"

"Hapana. Usimwambie kitu."

Hertina alitaka kumshika mkono. Limejo alimpa kikapu badala yake, chenye unga wa wanga na samaki mkavu, na Hertina akakipokea kwa mikono miwili.

Almina alikuwa amekaa tayari ndani ya mashua, mdogo kati ya mabaharia, maua yakimfika kidevuni. Hakumchekesha mtu yeyote. Tangu walipotoka nyumbani alikuwa hajasema neno. Limejo aliingia majini hadi magotini, akashika ukingo wa mashua, akamtengenezea shada ambalo halikuwa limeharibika.

"Umesahau chochote?"

Almina alitikisa kichwa.

"Utanitumia salamu?"

Mtoto alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Kisha akasema wazi, kwa sauti ya kusikika na watu wote, kama alivyofundishwa:

"Kwaheri, mama mkubwa."

Hata leo hatujui kama ule ulikuwa utii au ulikuwa uchungu. Labda naye hakujua. Limejo aliinua nyusi, ambavyo ndivyo tunavyosema ndiyo, akaachia ukingo wa mashua, akarudi nyuma hatua mbili tatu. Pale machozi yakamshinda, akalia wazi kama mtoto, amesimama majini, mikono ikining'inia.

Daktari Whitcomb alikuwa wa mwisho kupanda. Alikuwa ameikunja suruali yake na kuvishika viatu mkononi. Alipomwona Limejo anavyolia alisimama. Alimgusa bega, akasema naye kwa upole, maneno mengi, akiinamisha kichwa kama anavyofanya mtu aliyezaa watoto wake mwenyewe.

Edmil alijishughulisha na kamba ya mashua.

"Kasema nini?" Limejo aliuliza.

"Kasema kwaheri."

"Edmil. Maneno yalikuwa mengi."

Edmil alitazama meli, akatazama maji. "Anasema usilie," alisema. "Anasema ameona wewe ni mama mkubwa mwema sana. Anasema usiwe na wasiwasi, mtoto hatakuwa mpweke huko. Yuko na mama yake."

Limejo alijifuta uso kwa mkono uliolowa maji ya chumvi.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie ni kweli, yuko na mama yake."

Edmil akamwambia. Daktari alifurahi, akampigapiga begani mara nyingine, akapanda mashua.